Mume Mpolandi, mtoto wa Tanga, chuo Rotterdam: yale ya ada niliyoyapitia

Nianze na pesa maana ndo kitu kila mtu ananiuliza. Mwaka wa masomo 2022/23 ada ya serikali ya chuo hapa Uholanzi ilikua yuro 2,209, na waliokua wanaanza mwaka wa kwanza walilipa nusu yake, 1,105. Mimi nikaletewa ankara ya zaidi ya elfu tisa. Chuo hicho hicho, darasa hilo hilo, mwalimu huyo huyo, tofauti ni pasi yangu ya Tanzania tu. Na hapo nilikua naishi Rotterdam tangu 2019, nafanya kazi, nalipa kodi, nimeolewa na raia wa Poland anayefanya kazi kwenye maghala ya bandarini, na mkononi nina kadi imeandikwa kabisa kwamba mimi ni mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya.

Ilivyotokea ni hivi. Hapa chuo unaomba kupitia Studielink, mtandao mmoja wanaoutumia vyuo vyote, unajaza majina, unajaza uraia, ukishaweka Tanzania tu unapelekwa upande wa watu wa nje ya Ulaya ambao wanalipa ada inayopangwa na chuo chenyewe na sio ile ya serikali. Hakuna mtu anayekaa kuangalia wewe uko hapa kwa kibali gani, mpaka wewe mwenyewe ulete karatasi useme jamani mimi siko kundi hilo. Wengi hawaleti. Wanaiona hiyo elfu tisa wanafunga kompyuta wanarudi kwenye usafi wa maofisi alfajiri, na hilo linaniuma mpaka leo maana nawajua kwa sura, ni akina dada wenye vichwa vyao kabisa, mmoja alikua anafundisha hesabu sekondari Morogoro.

Mimi nilienda dirishani. Kijana aliyenipokea alikua mpole, sina neno naye, akaichukua kadi yangu akaigeuza geuza akaniuliza, mume wako ni Mholanzi? Nikamwambia hapana, ni Mpolandi. Akasema basi haikuhusu bibie, hiyo ada ndogo ni ya wenza wa Waholanzi. Nikamuomba anionyeshe imeandikwa wapi. Akatafuta kwenye kompyuta yake, akatafuta tena, akaniambia nimuandikie imeili mkuu wake.

Sasa hapa ndo pa kuelewa vizuri, na naomba usome taratibu hata kama mambo ya sheria yanakuchosha. Kuna sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2004/38, wenyewe wanaiita direktivu. Hiyo inamhusu raia wa nchi moja ya Umoja aliyehamia nchi nyingine ya Umoja, pamoja na familia yake, hata kama hiyo familia imetoka Tanga, Malindi au Goma. Kifungu cha 24 kinasema raia huyo atendewe sawa na wenyeji, na kwamba usawa huo unawafikia pia wanafamilia wake wasio raia wa Ulaya wenye haki ya kuishi hapo. Kwa hiyo Mpolandi aliyeko Uholanzi, Mtaliano aliyeko Ubelgiji, Mjerumani aliyeko Sweden, wake zao na waume zao wanaingia. Yule kijana alikua ameshika kinyume: kwa kuwa mume wangu SIO Mholanzi na amehama kwao, sheria ya Ulaya ndo inatubeba sisi moja kwa moja. Mke wa Mholanzi ambaye hajawahi kuhama kwao yeye anabebwa na sheria ya nyumbani ya Uholanzi, na hapa kwenye ada inampa haki pia, lakini mlango wake ni mwingine, rafiki yangu aliyeolewa na Mholanzi ilibidi kwanza afanye mtihani wa lugha na utamaduni ubalozini Dar, mume aonyeshe kipato, sisi hatukuulizwa hayo.

Na hili la ada halikuanza juzi. Kuna kesi ya 1985 naipenda sana, ya binti wa Kifaransa anaitwa Gravier, alienda Liège kule Ubelgiji kusomea uchoraji wa katuni, wakamtoza ada ya wageni ambayo wanafunzi wa Kibelgiji walikua hawatozwi. Mahakama ya Ulaya ikasema huo ni ubaguzi wa uraia. Tangu hapo ndo raia wa Ulaya wakawa wanalipa sawa na wenyeji, halafu 2004 direktivu ikaja kuwataja wazi hadi wanafamilia wa nje. Kwa hiyo ukisimama pale dirishani unadai ada ya serikali huombi huruma ya mtu, unadai kitu ambacho binti wa watu alikipigania mahakamani miaka hiyo.

Imeili yangu niliandika fupi. Mimi ni fulani, namba yangu ya mwanafunzi ni hii, mume wangu ni raia wa Poland anaishi na kufanya kazi Rotterdam, naambatanisha kadi yangu, cheti cha ndoa, pasi yake, na karatasi ya manispaa inayoonyesha tunaishi nyumba moja. Nikataja kifungu cha 24 cha direktivu 2004/38. Nikamalizia kwa kuomba wanijibu kwa maandishi, na kama wanakataa waseme wanakataa kwa kifungu gani. Sikuweka malalamiko, sikuweka machozi. Jibu lilikua mistari michache tu, samahani kwa usumbufu, ankara mpya hii hapa, 1,105. Nilikua kwenye tramu, nikashuka kituo ambacho sio changu nikampigia mama Tanga, mama akapiga vigelegele simuni mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Shoga yangu wa Malindi yake ilikua ngumu zaidi. Mumewe Mtaliano, walikuja hapa wakati yeye anataka kuanza masomo, kadi yake ilikua bado inashughulikiwa, alichokua nacho ni stika kwenye pasi kwamba maombi yamepokelewa. Chuo chake wakamwambia bila kadi hakuna ada ndogo, subiri mwakani. Dada huyu sio wa kusubiri. Tukakaa tukaisoma direktivu mstari kwa mstari, tukafika kifungu cha 25, kinasema kabisa kwamba kuwa na hiyo kadi hakuwezi kufanywa sharti la kutumia haki, maana haki inaweza kuthibitishwa kwa njia nyingine yoyote. Yaani kadi inaonyesha tu haki ambayo tayari unayo tangu siku umeungana na mwenzako hapa. Akapeleka cheti cha ndoa, pasi ya mume, mkataba wa kazi wa mume, wakakubali. Kama uko kwenye hali yake, hicho kifungu cha 25 kiweke kwenye simu yako.

Sasa mpaka hapa nimeongelea ada. Hela ya kujikimu ni habari nyingine kabisa, na watu wanazichanganya mno. Wale mliopitia bodi ya mikopo nyumbani mnajua, kuna ada na kuna bumu. Huku ni hivyo hivyo. Ada sawa na wenyeji unapata kwa kuwa mwanafamilia tu. Lakini bumu, yaani ruzuku na mkopo wa maisha, kifungu hicho hicho cha 24 aya ya pili kinairuhusu nchi kuwanyima watu mpaka wapate ukaazi wa kudumu, ambao kwa kawaida unakuja baada ya miaka 5, ISIPOKUWA yule raia wa Ulaya awe ni mfanyakazi au amejiajiri, hapo yeye na familia yake wanapewa kama wenyeji. Kwa hiyo kwenye bumu kila kitu kinasimama kwenye kazi ya mwenzako. Kama mume au mke wako yuko hapa kama mwanafunzi, au anaishi kwa akiba yake, ada utapata, bumu itabidi usubiri.

Hili nililiishi kwa binti yangu. Nilimzaa Tanga kabla sijamjua huyu bwana, alikuja hapa na miaka 13, akaanza darasa la wageni la kujifunza lugha halafu akaingia sekondari ya kawaida, 2024 akapata chuo. Ada ya mwaka ule ilikua 2,530, hiyo haikutusumbua tena, barua ya kwanza tu wakakubali. Lakini alitaka studiefinanciering, ndo bumu la hapa linalotolewa na DUO, ofisi ya serikali ya mambo ya fedha za elimu. Ile ruzuku ya msingi ilikua imefutwa miaka kadhaa ikarudishwa Septemba 2023, kwa hiyo binti alikua na bahati ya wakati, na unapata pia kadi ya kusafiri bure kwa treni na basi, unachagua siku za kazi au wikiendi. Ukimaliza chuo ndani ya miaka 10 ruzuku ya msingi na usafiri vinageuka zawadi, hurudishi.

Walichotaka DUO ni ushahidi kwamba baba yake wa kambo anafanya kazi kweli. Na mume wangu wakati ule alikua chini ya wakala, wale wanaokuita kazini kwa simu, wiki hii masaa 40, wiki ijayo masaa 12, wiki nyingine kimya. Tukazitoa slipu zake zote za mshahara tukazitandaza sakafuni kwa tarehe, nyingine zimejikunja zilikaa kwenye mfuko wa koti la kazi, tukaanza kujumlisha masaa ya kila mwezi. Maana huku masaa yanahesabiwa, zamani kigezo kilikua masaa 56 kwa mwezi, baadaye kikashushwa, na ukiwa chini yake hujafungiwa, wanaangalia hali yako kwa undani. Mume wangu alikua na wasiwasi, anasema kazi yenyewe ya kuokoteza hii watasema mimi sio mfanyakazi. Nikamsomea kesi ya Levin, ya 1982, na imetoka hapa hapa Uholanzi. Mama wa Kiingereza, mumewe sio raia wa Ulaya, yeye anafanya kazi ya kutandika vitanda hotelini kwa masaa machache, serikali ikasema kipato hicho kidogo huwezi kuitwa mfanyakazi. Mahakama ya Ulaya ikasema hata kazi ya masaa machache inatosha, ili mradi ni kazi ya kweli isiyokuwa ya kisingizio. Halafu 1986 ikaja ya Kempf, Mjerumani mwalimu wa muziki, anafundisha vipindi 12 kwa wiki hapa Uholanzi na bado anaongezewa msaada wa serikali, naye mahakama ikamuita mfanyakazi. Mume wangu alinyamaza akaendelea kujumlisha. Masaa yake yalipita vizuri tu.

La pili ni hilo la ukambo. Watu wanadhani mtoto wa kambo hahesabiwi. Anahesabiwa. Sheria inasema watoto wa raia wa Ulaya AU wa mwenza wake, walio chini ya miaka 21, au waliovuka 21 lakini bado wanategemea. Unachotakiwa ni kuthibitisha ni mtoto wa mwenza kweli, na hapo ndo cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa vizazi na vifo wa Tanzania, kinapoingia, kithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje Dar halafu ubalozi wa Uholanzi. Kifanye hicho kabla hujapanda ndege. Kukishughulikia ukiwa huku, unamtuma shangazi, shangazi anamtuma kijana wa bodaboda, kinarudi jina limekosewa herufi, unaanza upya.

Mimi mwenyewe bumu sikupata, naliweka wazi mtu asije akajipangia hesabu kupitia kwangu. Studiefinanciering lazima uianze kabla hujafika miaka 30, na mimi nilishapita zamani. Waliovuka 30 wana mkopo mwingine, levenlanglerenkrediet, ulianza 2017, huo unalipa ada tu, chakula na kodi ya nyumba jitegemee. Nilisoma huku nafanya kazi wikiendi kwenye nyumba ya wazee. Inachosha, tena sana, lakini kwa ada ya serikali inawezekana, kwa ile elfu tisa isingewezekana hata kidogo.

Sasa nije kwenye lile linaloniletea simu za usiku. Mdogo wangu Tanga ana kijana amemaliza kidato cha sita, akanipigia, dada, si umfanyie na huyu kama ulivyomfanyia mwenzake? Kwetu huyu ni mwanangu, ananiita mama mkubwa, amekulia mikononi mwangu. Ilibidi nimueleze mdogo wangu kweli ilivyo: kwenye hii sheria wanafamilia ni mwenza, watoto na wajukuu wa upande wowote kati ya wenza, na wazazi wanaowategemea. Mtoto wa dada au wa kaka hayumo. Kuna kifungu cha 3 kinachosema ndugu wengine waliokua wanategemea au wanaishi nyumba moja na raia huyo huko walikotoka warahisishiwe, lakini kurahisishiwa ni kwamba maombi yao yatachunguzwa kwa makini, wanaweza kukataliwa, na utegemezi uwe kwa raia mwenyewe, kwetu ina maana mume wangu, sio mimi. Bila kukubaliwa huko, kijana ni mwanafunzi wa kigeni wa kawaida na ada ni ile kubwa. Mdogo wangu alikasirika wiki nzima, nilimuelewa.

Ila mwenye mtoto wa kumzaa aliyevuka 21, usikate tamaa. 2014 kulikua na kesi ya Reyes huko Sweden, binti wa Ufilipino mtu mzima kabisa, mama yake, raia wa Ulaya anayeishi Sweden, alikua anamtumia pesa kila mara kwa muda mrefu, mahakama ikasema huo ni utegemezi na huwezi kumlazimisha athibitishe kwamba alitafuta kazi kwao akakosa. Kwa hiyo zile meseji za M-Pesa na risiti za Western Union usifute. Tuma kila mwezi, kwa jina la mtoto mwenyewe, na weka kumbukumbu. Nawaambia kina mama wenzangu kila tukikutana, pesa mnatuma hata hivyo, basi itumwe kwa njia inayoacha alama.

Kwa walioko nchi nyingine kwa haraka tu. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havina ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja yuro 1,500 kwa muhula, na wenza na watoto wa raia wa Umoja wanasamehewa. Sweden walianza kutoza wageni 2011, nako mwanafamilia mwenye haki ya kuishi hatozwi. Uingereza imeshatoka, hizi sheria huko zimebaki kwa waliokua wameshaishi kabla 2020 haijaisha na wakajiandikisha kwenye mpango wao, usidanganywe na mtu anayekuuzia habari za zamani.

Ukikataliwa, hapa Uholanzi una wiki 6 kuweka pingamizi kwa maandishi, kwa chuo na kwa DUO pia. Zikipita zimepita. Na kuna SOLVIT, huduma ya bure ya Umoja wa Ulaya, unawaandikia kwamba ofisi fulani imekiuka haki yako, wao wanawasiliana na serikali husika. Hauhitaji wakili wa yuro 200 kwa saa kwa jambo la namna hii, angalau sio mwanzoni.

Kuna dada mmoja ndoa yake iliyumba akiwa mwaka wa pili wa chuo, akawa anavumilia mambo yasiyovumilika kwa hofu kwamba akitalikiwa kadi inaondoka na ada inarudi elfu kumi. Kifungu cha 13: ndoa ikiwa imedumu angalau miaka 3 mpaka talaka inafunguliwa, na mwaka mmoja kati ya hiyo ndani ya nchi mliyohamia, haki ya kuishi inabaki, na kwa waliopigwa na kunyanyaswa hata kabla ya hapo. Na mtoto wa mfanyakazi aliyeko shuleni ana haki ya kumaliza masomo, na mzazi anayemlea anabaki naye, kesi ya Baumbast ya 2002 ilisema hivyo, na mmoja wa watoto kwenye kesi ile alikua binti wa kambo raia wa Kolombia. Yule dada alipoyajua haya alipanga mambo yake kwa utulivu, sitasema zaidi, ni maisha yake.

La mwisho ni miaka 5. Ukiishi hapa na mwenzako miaka 5 mfululizo kihalali unapata ukaazi wa kudumu, na kuanzia hapo bumu halitegemei tena masaa ya mtu. Safari za nyumbani zisizidi miezi 6 kwa mwaka la sivyo hesabu inakatika, ndo maana mama alipougua 2023 nilikaa Tanga miezi miwili nikarudi, nikaenda tena baadaye, nikitunza kila muhuri wa pasi. Mimi na binti tuliomba zetu mwisho wa 2024 zikatoka. Mume wangu ameshaacha ule wakala, anajitegemea na gari lake la kubeba mizigo, kuna miezi mizuri na kuna miezi ya ukame, na binti yuko chuoni anapokea hela yake bila mtu kuuliza slipu ya baba.